Mgongo Wangu na Mgongo wa Mwanaidi

Ikiwa umeambiwa kuwa uti wako wa mgongo umepinda, na sasa unatakiwa uchague baina ya kuvaa vyuma na kupasuliwa, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakwambia uchague lipi. Mimi nilichagua moja, na msichana niliyekaa naye benchi moja akachagua jingine, na katika sisi wawili hakuna aliyepata alichokwenda kukitafuta. Kwangu ubaya wa mambo umekwisha, kwa maana kwamba hakuna tena la kuamua. Wakati ule nilitamani mtu mmoja tu anieleze siku zenyewe zinavyokwenda, nisimpate. Basi nakueleza wewe.

Nilikuwa na miaka ishirini, nikisomesha darasa la tatu katika skuli moja ya wasichana mjini. Tukikaa Kiponda, ghorofa ya pili, watu watatu: mimi, mama yangu Bi Maryamu, na kaka yangu Mbarak aliyekuwa karani bandarini. Baba aliondoka mwaka wa Mapinduzi akavuka kwenda Uarabuni. Barua zake zilikuja mbili, kisha zikakatika. Tangu hapo mama ndiye aliyeamua kila jambo la nyumba, na Mbarak akiona kwamba yeye ndiye aliyestahili kuamua. Walikuwa wakivutana hivyo kabla hata mgongo wangu haujajulikana.

Aliyegundua alikuwa fundi wa nguo, Bi Tatu, jirani yetu wa chini. Alinishonea gauni la Sikukuu, na nilipolivaa pindo likawa limepanda upande mmoja. Akalifumua, akalishona upya. Likapanda tena. Mara ya tatu aliweka mkasi chini, akaniambia nivue na niiname mbele yake kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Akapitisha kidole chake kutoka shingoni kwenda chini, polepole, na kidole kikaenda mahali ambapo hata mimi niliona si pake.

"Hili si la mkasi, mwanangu," alisema. "Nenda kamwite mama yako."

Kusema kweli nilikuwa nikijua kuna jambo. Mkoba ukinitereza begani kila saa. Nikiandika juu ubaoni, mfupa wa bega la kulia ukisimama kama unataka kutoka nje, na jioni nikawa nalala chali sakafuni kabla ya kula. Lakini mtu huuzoea mwili alio nao, na mimi niliuzoea wangu. Mama alilia, akasema ni ndoo za maji. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikipandisha maji ngazi zote zile kwa mkono mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akinituma. Daktari alikuja kumwambia baadaye kwamba si ndoo, na mimi nikamwambia, na nesi akamwambia. Hakuamini mpaka leo.

Kabla ya hospitali alinipeleka Bwejuu kwa dada yake, Bi Mize, anayekanda wanawake waliojifungua na watu walioteguka. Siku saba alinilaza kwenye mkeka na kunikanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akisukuma kwa kiganja na kwa kisugudi cha mkono, huku akinisimulia habari za watu wa kijiji ili nisiusikilize uchungu. Asubuhi ya siku ya nane alimwita mama akamwambia mbele yangu kwamba amekanda migongo maisha yake yote, na huu haukandiki, na kwamba kuendelea kunikanda itakuwa ni kunidanganya. Katika watu wote walionigusa, yeye ndiye aliyeniambia kweli mapema kuliko wote. Ilikuwa mwisho wa vuli.

Hospitalini tulifika alfajiri na tukaitwa adhuhuri imeshapita. Utaratibu ulikuwa huo kila siku niliyokwenda. Unachukua cheti dirishani, unakaa kwenye benchi refu lililotazamana na ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa mabega, na unangoja. Nilijifunza kuukalia upande mmoja wa nyonga, kisha mwingine. Nilijifunza kwamba wagonjwa wanaokohoa hukaa karibu na mlango, na kwamba mtu akiletwa kwa machela sote tunarudi nyuma, na hakuna wa kulalamika.

Siku ya kwanza alikaa pembeni yangu msichana mwembamba aliyejifunga kanga kichwani, pamoja na baba yake. Baba yake alikuwa mchoma chokaa wa Nungwi, na mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye mistari ya viganja. Tulimwamkia, mama na yeye wakaulizana hali. Yule msichana alinitazama mabega, akacheka kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Wewe umepinda kwenda wapi?"

"Kulia," nilisema.

"Mie kushoto. Tukisimama pamoja tutafanya mlango."

Huyo ndiye Mwanaidi. Alikuwa na miaka kumi na minane, na sijapata kumwona mtu anayeubeza mwili wake mwenyewe kwa wepesi ule. Sote wawili tulipigwa picha za eksirei siku moja, na sote tuliitwa chumbani kwa daktari siku moja, yeye akinitangulia kwa nusu saa.

Daktari alikuwa mgeni kutoka Ulaya, mtu mrefu mwenye upole, akisema Kiingereza ambacho si lugha yake. Nesi mmoja mtu mzima, Bi Zaina, alikuwa akimfasiria mama. Mimi Kiingereza nilikuwa nakijua kiasi, nilikisoma chuo cha ualimu. Alibandika picha kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, na hapo niliuona mgongo wangu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa kama herufi iliyoandikwa na mtoto anayesinzia.

Alieleza kwamba mambo ni mawili. La kwanza, nivae kitu cha ngozi na vyuma kuanzia nyonga mpaka kidevuni, usiku na mchana, nikivue saa moja tu ya kuoga. La pili, nivushwe bara nikapasuliwe mgongo, niwekwe fimbo ya chuma kando ya uti, na mifupa iunganishwe ishikane, kisha nilale ndani ya plasta miezi mingi. Upasuaji unaweza kunyoosha sehemu kubwa. Unaweza pia kukata mishipa ya fahamu ya miguu, si mara nyingi, lakini hutokea. Akasema vile vyuma hasa ni vya watoto, kwa sababu mifupa ya mtoto ingali inakua. Kwa mtu wa umri wangu labda vitashika pale pale nilipo, labda havitashika.

Bi Zaina akamgeukia mama. "Anasema vyuma vitamshika hapo alipo, visimruhusu kuzidi."

Nililisikia neno "labda" likitoka kwa daktari mara mbili, na nikasikia halikufika kwa mama. Bi Zaina hakuwa na nia mbaya, alikuwa amesimama tangu asubuhi na alikuwa akimwonea mama huruma. Mimi nilikuwa nimekaa, na nilikuwa nimeelewa, na nilinyamaza kwa sababu nililipenda lile jibu lake kuliko la daktari. Ikiwa kuna jambo moja katika haya yote unaloweza kulichukua, lichukue hilo. Chochote ulichokisikia, kiseme kwa sauti mbele ya watu wako siku ile ile.

Tulipewa wiki tatu. Nyumba yetu haikulala raha wiki hizo. Mbarak alitaka nipasuliwe. Alikwenda mwenyewe kumwona daktari akarudi akasema kwamba afadhali shida ya mwaka mmoja kuliko ya maisha. Mama akasema hajamzaa mtoto ili akachanwe na watu asiowajua katika nchi ya watu, arudishwe hajiwezi. Walianza kwa kusemezana taratibu, wakafika mahali wakawa wanazungumza kupitia kwangu. "Mwambie kaka yako chakula tayari." "Mwambie mama nshakula."

Na kulikuwa na Othman. Alikuwa akifanya kazi pamoja na Mbarak, na wazee wake walikuwa wameshatuma watu kuuliza. Hatukuwa tumewaambia. Vyuma vingefichika ndani ya buibui. Kovu refu la mgongo na mwaka mzima wa kutoonekana mjini visingefichika. Hili sikumwambia mtu, lakini liliingia katika hesabu yangu, na pengine ndilo lililokuwa zito zaidi.

Nilichagua vyuma. Mama alinikumbatia. Mbarak alisema "Haya," akatoka, akarudi baada ya isha.

Mwanaidi alichagua kupasuliwa. Nilimkuta kwenye benchi akingoja kujaziwa karatasi zake, nikamuuliza kama haogopi. Alisema anaogopa, lakini baba yake ameshauza mbuzi wote kwa ajili ya safari, na hata hivyo haoni atakaaje ndani ya chuma kijijini ambako msichana huinama siku nzima, kwenye moto, kwenye chaza, kwenye shamba. Nikaona kila mmoja wetu amepimiwa uchaguzi wake na maisha yake, na mgongo umekuja nyuma.

Nilipimwa mwisho wa kaskazi. Fundi wa hospitali, Maalim Salum, kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza viatu vya wakoma na miguu ya mbao. Alikuwa mtu mzima mwenye haya. Ilibidi nisimame na fulana nyembamba, mikono nimeshika kamba juu, wakati Bi Zaina akinizungushia bendeji za plasta mbichi, na yeye Maalim Salum akitoa maelekezo huku ameutazama ukuta. Plasta ilipokauka ikawa na joto kama mkate uliotoka jikoni. Wakaikata mbele, wakanitoa ndani yake, na ganda langu likabaki limesimama mezani limepinda. Mama alilifunika kwa kanga yake.

Masika yalipoanza nilivaa. Chini kulikuwa na mshipi mpana wa ngozi ngumu uliobana nyonga, nyuma vyuma viwili, mbele kimoja, na juu duara lililozunguka shingo na kuniinua kidevu. Mama alikiita kizibao, ili watoto wa jirani wasikiogope, na jina likakaa. "Leta kizibao." "Kizibao kimeroa." Nilivaa fulana ndani yake, na kwa joto la mji wetu ile fulana ilikuwa ikikamuliwa maji mara tatu kwa siku.

Sasa nitakueleza mambo ambayo daktari hatakueleza. Hutaweza kutazama chini. Utashuka ngazi kwa kukumbuka, si kwa kuona. Kutafuna kutakuuma taya, na utapenda uji na mchuzi kuliko vyote. Chini ya kwapa na juu ya nyonga ngozi itachubuka, itapona, itachubuka, kisha itageuka nyeusi na ngumu. Mama alinisugua spiriti kila jioni katika ile saa moja, na ikichoma alikuwa akipuliza kama anavyopulizwa mtoto aliyeungua. Sikuweza kurukuu wala kusujudu. Nilikwenda kumuuliza sheikh wa mtaa wetu kwa kupitia mkewe, akajibu nisali nimekaa, na niinamishe macho, yatosha. Niliinamisha macho miaka miwili.

Watu waliniona naringa. Zilikuwa siku za foleni, foleni ya mchele, ya sukari, ya sabuni, na mimi nimesimama kidevu juu, simjibu mtu aliye pembeni kwa sababu siwezi kugeuka. Mwanamke mmoja alisema nyuma yangu kwamba masikini akipata kazi ya serikali shingo hukakamaa. Nilisogea na foleni.

Rehema nazo zilikuwapo, na sitaki kuzikana. Skuli, wasichana wa darasa langu waligundua wenyewe kwamba siwezi kuinama kwenye madaftari yao. Hakuna aliyewaambia. Nikipita baina ya madawati wakawa wananyanyua madaftari mpaka usawa wa macho yangu, mmoja baada ya mwingine, na kuyashika hapo mpaka niweke alama. Nilisahihisha hivyo miaka yote miwili.

Mama yake Othman alikuja kututazama katika kipupwe cha mwaka ule wa kwanza. Nilivaa buibui nikalizungushia shingoni kuficha lile duara, nikasema nimetoka kazini sasa hivi. Alizungumza vizuri, akanywa kahawa, akaipenda haluwa. Wakati wa kuagana alinikumbatia, na mkono wake ukatua mgongoni mwangu, juu ya chuma. Nilisikia pete yake ikigonga. Hakuutoa mkono upesi, aliuacha pale kidogo kama mtu anayetaka kuhakikisha, kisha akanipigapiga bega akashuka. Baada ya siku chache Mbarak alirudi na habari kwamba Othman anataka kwanza aendelee na masomo. Mama alikiosha kile kikombe cha kahawa muda mrefu. Tulikuwa tumeficha, na kuficha kwetu ndiko kulikomuudhi yule mama kuliko mgongo wenyewe. Hili niliambiwa baadaye.

Kipupwe hicho hicho Mwanaidi alivushwa bara. Sikusikia habari zake mpaka vuli. Nilikuwa kwenye benchi nikingoja mikanda yangu ikazwe, Bi Zaina akaja akakaa karibu yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akaniambia rafiki yangu amerudi, mgongo umenyooka, lakini tangu aliposhtuka usingizini baada ya kupasuliwa hajaisikia miguu yake.

Niliporudi nyumbani nikamwambia mama. Aliinuka akatia udhu, akasali rakaa mbili za kushukuru kwamba hakuniruhusu. Mimi nilikaa kitandani na kizibao changu, na nikaona katika moyo wangu kitu ambacho sipendi kukiandika. Niliona furaha. Nilifurahi kwamba nilikuwa nimepatia. Furaha hiyo ilikaa nami mpaka masika yakaisha, nikiivaa pamoja na vyuma, na iliniwezesha kuvumilia vidonda.

Daktari wa kwanza akarudi kwao, akaja mwingine. Huyu alitaka picha mpya. Nilikwenda kwa matumaini. Miaka miwili nilikuwa nimetimiza kila saa niliyoambiwa, sikuibia hata moja. Alibandika picha mbili dirishani, ya zamani na mpya, na hazikuhitaji kufasiriwa. Hata mama aliona. Mgongo ulikuwa umezidi kupinda, ndani kwa ndani, kizibao kikiwa kimefungwa. Mbavu za upande mmoja zilikuwa zimekaribiana kama vidole vya mkono uliofumbwa. Akasema vyuma havina faida tena, nisivivae. Akauliza kama nachoka nikipanda ngazi. Nikasema nachoka, lakini nilidhani ni uzito wa vyuma. Akasema si vyuma, ni pafu.

Nilikuwa nikiota siku ya kukivua kile kitu. Ilipokuja, niliketi kitandani bila ya kitu chochote mwilini isipokuwa gauni, na mwili wangu ukashuka upande mmoja kama gunia lililokatwa kamba. Shingo haikuweza kubeba kichwa. Mama alinishikilia kichwa kwa mikono miwili. Sikulia kwa sababu ya maumivu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshatumia kila nilichokuwa nacho, subira, utiifu, miaka miwili, na hakuna hata kimoja kilichohesabiwa. Siku chache baadaye, nikishuka kwenda kazini, mtoto mmoja mtaani aliniita kibiongo. Hakuwa amelisema kwa ubaya, alikuwa akimwelekeza mwenzake nilipo.

Daktari akasema kama nataka kujaribu kupasuliwa, basi iwe sasa, kipupwe hiki, na hatari ni kubwa kuliko mwanzo. Safari hii hakuna aliyegombana. Mbarak alisema atanifuata popote nitakapoamua. Nikawaambia nataka kwanza nende Nungwi.

Nilimkuta Mwanaidi amekaa barazani kwenye mkeka, ameegemea ukuta, anasuka ukili. Baba yake alikuwa tanurini. Alikuwa amenenepa usoni, na miguu yake ilikuwa imefunikwa kanga, imelala kama ya mtu mwingine. Alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za mjini, za skuli, za kizibao. Nikamwambia yote. Nilimwambia hata lile la kufurahi kwangu, kwa kuwa nisingeweza kukaa mbele yake nikiwa nimelificha.

"Hata mie," alisema, "uliponambia sasa hivi kwamba vyuma vyako havikufaa, nliona raha. Kidogo. Basi tumelipana."

Nikamuuliza niende au nisiende.

"Usiniulize mie, Zuwena. Nikikwambia nenda, ukarudi kama hivi, utanilaani. Nikikwambia usende, ukakosa pumzi, mama'ko atanilaani. N'kwambie nini?"

Kisha akaniambia nikae nyuma yake nimguse mgongo. Nilipitisha kiganja juu ya gauni lake. Ulikuwa umenyooka moja kwa moja, mgumu, kama ubao wa mlango, na kovu limekwenda katikati bila ya kuyumba. Sijapata kugusa kitu nilichokitamani kama kile. Kisha akaniambia sasa zamu yake, nigeuke. Nikageuka. Mkono wake ulitembea kwenye mbavu zangu, ukapanda kwenye nundu, ukashuka, ukafika mpaka kwenye miguu yangu niliyoikunja. Akaishika miguu yangu akaibana kwa vidole, nami nikasema nasikia, na yeye akasema, "Najua."

Tulikaa hivyo mpaka baba yake akarudi. Sikurudi na jibu kutoka Nungwi. Lakini nilipofika nyumbani nilimwambia Mbarak atafute kibali cha safari.

Bara nililazwa siku kumi na moja. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda arubaini, madirisha upande mmoja. Walinipiga picha nimesimama, nimelala, nimeinama. Walinipulizisha mpira uliounganishwa na pipa dogo lililokuwa likipanda kwa pumzi yangu, na kila asubuhi nilijitahidi lipande zaidi ya jana, kama mwanafunzi anayetaka kumfurahisha mwalimu. Nilikuwa nimeshapatana na kovu, na plasta, na hata na miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jambo isipokuwa lile nililoambiwa.

Daktari mpasuaji alikuwa kijana wa bara, akisema Kiswahili, kwa hivyo hakukuwa na nesi baina yetu. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mbarak alikuwa amesimama upande wa pili.

"Dada, sitakupasua," alisema. "Pumzi uliyonayo haitoshi. Nikikulaza usingizi, sina hakika kama utaamka. Ungekuja miaka miwili nyuma, ningekubali."

Nilimtazama Mbarak. Alikuwa na haki ya kusema, na miaka yote ile nilikuwa nikingoja aseme kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Aliuliza tu kama kuna dawa ya kusaidia pumzi. Daktari akasema niepuke moshi na homa za kifua, na nisibebe vitu vizito. Siku ya pili Mbarak alikunja nguo zangu mwenyewe, akabeba mkoba, tukapanda meli.

Mama hakuwa na njia ya kupata habari. Kwa siku kumi na mbili alikuwa akiandaa nyumba kwa ajili ya mgonjwa wa plasta. Alikuwa ameomba chumba cha chini kwa Bi Tatu, amepiga chokaa, ameweka mbao chini ya godoro kama alivyoelekezwa na Bi Zaina, na ameshona mito midogo ya kuweka chini ya visigino. Tulipoingia mlangoni alitoka mbio, akasimama. Hakunitazama mgongo. Alitazama miguu yangu, nimesimama juu yake. Aliinama, mtu mzima yule, akaushika mmoja kisha mwingine, juu ya viatu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Umerudi na miguu yako."

Mbarak alifungua kinywa. Nikamtazama, akakifunga.

Nilimwacha mama afurahi. Alipika biriani kwa mchele aliokuwa ameuweka, akawaita majirani, akawaambia madaktari wameona si lazima. Mimi nilipanda ngazi nikipumzika njiani, nikala, nikacheka na watu. Siku ya tatu, baada ya sala ya Ijumaa, tulikuwa wawili tu, anakunja nguo, nikaona siwezi tena. Nilimwambia kila neno la yule daktari, pamoja na lile la miaka miwili nyuma.

Aliendelea kukunja mpaka akamaliza kanga aliyoishika.

"Nlijua tangu siku ile ulipopanda," alisema. "Nlikuwa nyuma yako. Umepumzika mara nne."

"Mbona hukuniuliza, mama?"

"Nlikuona unanificha," alisema, "nikakuacha ufiche." Kisha akanisogezea nusu ya nguo zilizobaki, tukazikunja.